Kate & Leopold

Kate & Leopold ni filamu ya Kimarekani ya mapenzi na vichekesho iliyotolewa tarehe 25 Desemba 2001. Iliongozwa na James Mangold, ambaye pia aliandika muswada wake pamoja na Steven Rogers, na mtayarishaji wake alikuwa Cathy Konrad. Waigizaji wakuu ni Meg Ryan na Hugh Jackman. Filamu inamhusu kabaila wa Kiingereza wa karne ya 19 anayejikuta katika jiji la New York la mwanzo wa karne ya 21, ambako anampenda mwanamke anayefanya kazi ya utafiti wa masoko.

Vichekesho vingi vya filamu hii vinatokana na mtu wa zamani kushangazwa na maisha ya sasa. Hata hivyo, chini ya vichekesho hivyo kuna swali moja linalowahusu wahusika wote wawili: je, mtu anaweza kupata riziki na cheo bila kuuza kile anachokiamini?

Hadithi

Hadithi inaanza New York tarehe 28 Aprili 1876. Leopold, mwenye cheo cha Duke wa Albany, ni kijana anayependa uvumbuzi kuliko maisha ya kikabaila. Ukoo wake umebaki na jina kubwa lakini fedha zimekwisha, kwa hiyo baba yake mdogo, Millard, anamtaka aoe binti wa familia tajiri ya Marekani. Jioni hiyo kuna karamu ya dansi ambamo Leopold anatakiwa kumtangaza mchumba wake.

Siku hiyohiyo Leopold anamwona mtu wa ajabu anayepiga picha michoro yake kwa kamera ndogo sana. Mtu huyo ni Stuart Besser, mwanafizikia kutoka wakati wetu aliyegundua namna ya kutabiri mahali na saa ambapo mwanya wa wakati hufunguka. Leopold anamfukuza hadi kwenye Daraja la Brooklyn, ambalo bado linajengwa. Stuart anateleza, Leopold anajaribu kumwokoa, na wote wawili wanaangukia ndani ya mwanya na kutokea karne ya 21.

Stuart anamweleza mgeni wake kwamba ni lazima akae ndani ya nyumba kwa takribani wiki moja, mpaka mwanya ufunguke tena. Lakini Leopold ndiye aliyekuwa avumbue lifti, na kwa kuwa ameondolewa katika wakati wake, lifti za jiji zinaanza kuharibika. Stuart mwenyewe anaanguka katika shimo la lifti na kuumia. Anapowaeleza watu hospitalini habari za Duke na mwanya wa wakati, anaonekana amerukwa na akili na anazuiliwa katika wadi ya wagonjwa wa akili.

Leopold anabaki chini ya uangalizi wa Kate McKay, mpenzi wa zamani wa Stuart anayeishi katika jengo hilohilo, na mdogo wake Kate aitwaye Charlie. Charlie ni mwigizaji, na anadhani Leopold naye ni mwigizaji hodari anayekataa kuacha uhusika wake. Kate kwa upande wake hana muda na wanaume. Anatafuta kupandishwa cheo kazini, na bosi wake, J.J., anaonyesha wazi kwamba anamtaka kwa mambo mengine pia.

Polepole Kate anavutiwa na mgeni huyo. Leopold husimama mwanamke anapoinuka mezani, huandika barua ya kuomba radhi kwa mkono, na hupanda farasi kumkimbiza mwizi aliyempora Kate mkoba wake katika bustani ya Central Park. Anamfundisha Charlie kwamba msichana anayempenda hatampata kwa mizaha, bali kwa kumwambia ukweli wa moyo wake.

Ugomvi mkubwa unazuka Leopold anapokubali kuigiza katika tangazo la majarini yenye mafuta machache ambalo Kate analisimamia. Sauti na lafudhi yake vinawafurahisha wote waliopo, hadi anapoionja bidhaa yenyewe na kuiona mbaya mno. Anakataa kuisifia. Kate anamjibu kwamba watu wa kawaida wanaohangaika na maisha hulazimika kufanya mambo wasiyoyapenda ili wafike wanakotaka. Wanaachana kwa huzuni, na Leopold anarudi mwaka 1876.

Mwishoni Stuart anatoroka hospitalini na kugundua kwamba katika picha alizopiga kwenye karamu ya 1876, Kate anaonekana miongoni mwa wageni. Pamoja na Charlie anampelekea Kate picha hizo akiwa kwenye hafla ya kupandishwa kwake cheo. Kate anaacha kazi na jiji lake, anakimbilia darajani na kujirusha. Anafika kwenye karamu wakati Leopold anakaribia kutaja jina la mchumba, na jina analolitaja ni la Kate.

Waigizaji

Meg Ryan ameigiza kama Kate McKay. Wakati huo alikuwa ameshajulikana sana kwa filamu za mapenzi na vichekesho kama When Harry Met Sally... (1989), Sleepless in Seattle (1993) na You've Got Mail (1998).

Hugh Jackman, mwigizaji kutoka Australia, ameigiza kama Leopold. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepata umaarufu wa kimataifa kama Wolverine katika X-Men (2000). Kate & Leopold ilionyesha kwamba aliweza pia kubeba filamu isiyo na mapigano.

Liev Schreiber ameigiza kama Stuart, Breckin Meyer kama Charlie, Bradley Whitford kama J.J., na Natasha Lyonne kama Darci, msaidizi wa Kate. Paxton Whitehead ni Millard, na Philip Bosco ni Otis, mtumishi wa Leopold. Viola Davis, aliyekuja kuwa miongoni mwa waigizaji wanaoheshimiwa sana Marekani, anaonekana kwa muda mfupi kama askari polisi anayempa Leopold hati ya faini kwa kutozoa kinyesi cha mbwa barabarani. Kipande hicho kifupi kinabeba wazo zima la filamu: kabaila aliyezoea kuhudumiwa anaambiwa na sheria ya mji ainame mwenyewe.

Utayarishaji

Filamu ilisambazwa na Miramax, kampuni iliyokuwa imeshafanya kazi na Mangold katika Cop Land (1997). Kabla ya filamu hii Mangold alijulikana zaidi kwa masimulizi mazito, ikiwemo Girl, Interrupted (1999). Baadaye alifanya kazi tena na Jackman katika The Wolverine (2013) na Logan (2017). Alirudia pia suala la mwanya wa wakati katika Indiana Jones and the Dial of Destiny (2023).

Mpigapicha mkuu alikuwa Stuart Dryburgh na mhariri alikuwa David Brenner. Muziki wa filamu ulitungwa na Rolfe Kent. Wimbo wa mwisho, "Until...", ulitungwa na kuimbwa na Sting.

Matoleo mawili

Kuna matoleo mawili ya filamu hii, na tofauti yao si ya urefu tu. Katika toleo la awali Stuart alikuwa mzao wa Leopold, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kumfuatilia mwaka 1876. Watu walioiona filamu kabla haijatolewa walitambua tatizo: kama Kate anarudi zamani na kuolewa na Leopold, basi Kate ni bibi wa kale wa Stuart, yaani Stuart alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mzazi wa ukoo wake mwenyewe bila kujua.

Kwa sababu hiyo vipande vinavyotaja undugu huo viliondolewa katika toleo lililoonyeshwa kwenye kumbi za sinema. Vilirudishwa katika toleo la mwongozaji lililotolewa kwenye DVD. Hii ndiyo sababu watazamaji wawili wanaweza kubishana kuhusu Stuart ni nani, na wote wakawa sahihi.

Mantiki ya safari ya wakati

Hadithi za safari za wakati hufuata kwa kawaida moja ya njia mbili. Katika njia ya kwanza wakati uliopita unaweza kubadilishwa, na mabadiliko hayo huonekana papo hapo katika wakati wa sasa. Katika njia ya pili wakati uliopita haubadiliki. Chochote msafiri atakachofanya huko kilikuwa tayari sehemu ya historia.

Kate & Leopold inatumia njia zote mbili. Lifti zinazoharibika ni mfano wa njia ya kwanza: Leopold ameondolewa, uvumbuzi wake unaanza kupotea. Picha ya Kate kwenye karamu ni mfano wa njia ya pili: Kate alikuwa ameshafika mwaka 1876 hata kabla hajaamua kwenda. Mantiki hizi mbili haziendi pamoja. Kama historia ilikuwa na Kate ndani yake tangu mwanzo, basi ilikuwa pia na safari ya Leopold ya wiki moja na kurudi kwake, na lifti hazikuwa na sababu ya kuharibika.

Filamu haijaribu kulitatua jambo hili. Lifti zinahitajika ili Stuart aondoke njiani na Leopold abaki na Kate. Picha inahitajika ili Kate awe na la kuamua.

Historia na ubunifu

Filamu inatumia majina na mahali halisi, lakini inavichanganya kwa uhuru.

Duke wa Albany. Alikuwepo kweli Leopold mwenye cheo hicho, mtoto wa kiume mdogo kuliko wote wa Malkia Victoria, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 1853. Lakini alipewa cheo cha Duke wa Albany mwaka 1881, miaka mitano baada ya wakati wa filamu. Alikuwa na hemofilia, ugonjwa unaozuia damu kuganda, akamwoa Binti Mfalme Helena wa Waldeck na Pyrmont mwaka 1882, na akafariki mjini Cannes, Ufaransa, mwaka 1884 baada ya kuanguka. Leopold wa filamu anahusishwa na ukoo wa Mountbatten, jina ambalo halikuwepo hadi mwaka 1917, wakati ukoo wa Battenberg ulipobadilisha jina lake la Kijerumani katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Daraja la Brooklyn. Filamu inamwonyesha mhandisi Roebling akihutubia umati mwaka 1876. John Roebling, aliyesanifu daraja hilo, alifariki mwaka 1869 kwa pepopunda baada ya mguu wake kupondwa na kivuko, kabla ujenzi haujaanza. Kazi ilichukuliwa na mwanawe, Washington Roebling, ambaye naye aliugua kutokana na kufanya kazi katika vyumba vya hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Mke wake, Emily Warren Roebling, alijifunza uhandisi na kupeleka maelekezo kwa mafundi kwa miaka mingi. Waya wa kwanza ulivushwa kati ya minara mwezi Agosti 1876, na daraja likafunguliwa tarehe 24 Mei 1883.

Lifti. Katika filamu lifti ni wazo la Leopold, na utani ni kwamba mtumishi wake anaitwa Otis. Katika historia, Elisha Otis alikuwa fundi Mmarekani aliyebuni breki ya usalama inayozuia lifti isianguke kamba yake ikikatika. Aliionyesha hadharani New York katika miaka ya 1850, na lifti yake ya kwanza ya abiria ilifungwa katika jengo la biashara la Haughwout huko Broadway mwaka 1857, miaka 19 kabla ya hadithi kuanza.

Opereta. Leopold anamwigizia mtoto kipande cha The Pirates of Penzance, kazi ya Gilbert na Sullivan iliyofunguliwa New York tarehe 31 Desemba 1879. Mtu aliyeondoka mwaka 1876 asingeweza kuijua.

Majarini. Hapa filamu iko karibu na historia kuliko inavyoonekana. Majarini ilibuniwa nchini Ufaransa na mwanakemia Hippolyte Mège-Mouriès mwaka 1869, na katika miaka ya 1870 ilikuwa tayari inauzwa New York. Mwaka 1877 jimbo hilo lilitunga sheria ya kutaka majarini iandikwe jina lake ili isiuzwe kama siagi. Ubishi wa Leopold kuhusu kusifia kitu kisicho siagi ungeeleweka vizuri na watu wa zama zake.

Ndoa ya fedha na cheo. Mpango wa Millard nao una msingi wa kweli. Katika miaka hiyo makabaila wengi wa Uingereza waliofilisika walioa mabinti wa matajiri wa Marekani. Jennie Jerome, aliyezaliwa Brooklyn, aliolewa na Lord Randolph Churchill mwaka 1874, na mtoto wao Winston akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Consuelo Yznaga aliolewa na mrithi wa cheo cha Duke wa Manchester jijini New York mwezi Mei 1876, wiki chache tu baada ya tarehe ya karamu ya filamu.

Suala la uungwana

Watazamaji wengi huikumbuka filamu hii kwa adabu za Leopold. Adabu hizo zinaweza kuangaliwa kwa namna mbili, na lugha ya Kiswahili inazitenganisha vizuri kupitia neno "muungwana". Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki neno hilo lilimtaja kwanza mtu huru, asiye mtumwa, mwenye nasaba inayojulikana. Baadaye likamaanisha pia mtu mwenye tabia njema, yeyote awaye, na ndiyo maana wahenga walisema uungwana ni vitendo.

Leopold ana uungwana wa aina zote mbili, na filamu inautumia kila mmoja kwa wakati wake. Uungwana wa nasaba ndio unaomfanya achekeshe: hajui kuoka mkate kwa mashine na hajawahi kusafisha uchafu wa mbwa, kwa kuwa siku zote Otis alikuwepo. Uungwana wa vitendo ndio unaomvuta Kate: anasikiliza, anaomba radhi, na hasemi asichokiamini.

Tukio la majarini linazigonganisha hizo mbili. Ni rahisi kumwona Leopold kuwa mshindi wa ubishi ule, kwa sababu anasimamia ukweli. Lakini jibu la Kate nalo lina uzito: anayelipiwa kila kitu na ukoo ana nafasi ya kukataa kazi ambayo mwajiriwa hana. Tena Leopold mwenyewe yuko karibu kufanya biashara kubwa kuliko ile ya majarini, maana anatakiwa kuoa asiyempenda ili kulipa madeni ya jina lake. Anaporudi mwaka 1876 anakuta swali alilomwuliza Kate linamsubiri yeye, na hapo ndipo msimamo wake unapimwa kwa kweli.

Uamuzi wa mwisho wa Kate umejadiliwa kwa mtazamo huohuo. Yeye ndiye anayelipa gharama kubwa zaidi. Anaacha kazi aliyoipigania siku ileile anayoipata, na kwenda katika nchi ambayo wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura. Jimbo la New York liliwapa haki hiyo mwaka 1917 na Marekani nzima mwaka 1920. Sheria ya New York ya mwaka 1848 ilimruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake, lakini Uingereza, alikotoka Leopold, ilifikia hatua hiyo kikamilifu mwaka 1882. Tarehe 4 Julai 1876, miezi miwili tu baada ya karamu ya filamu, Susan B. Anthony na wenzake waliwasilisha mjini Philadelphia tamko la haki za wanawake katika sherehe za miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Kate angewasili kwa wakati wa kulisoma gazetini. Filamu inaishia kwenye dansi na haimwonyeshi asubuhi inayofuata.

Mapokezi na tuzo

Filamu iligharimu takribani dola milioni 48 na kuingiza takribani dola milioni 76 duniani kote. Wahakiki waligawanyika: wengi walimsifu Jackman, huku baadhi wakiona hadithi inatabirika na mwisho wake una haraka.

Katika Tuzo za Golden Globe za mwaka 2002, "Until..." ya Sting ilishinda kama wimbo bora wa filamu, na Hugh Jackman aliteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kiume katika filamu ya muziki au vichekesho. Wimbo huo uliteuliwa pia kwa Tuzo ya Oscar, lakini tuzo ilichukuliwa na Randy Newman kwa wimbo wa filamu ya Monsters, Inc.

Kazi zinazofanana

Mtu wa kale katika wakati wa sasa ni mada iliyotumiwa mara nyingi. Katika Time After Time (1979) mwandishi H. G. Wells anatoka London ya karne ya 19 na kumpenda mfanyakazi wa benki huko San Francisco. Filamu ya Kifaransa Les Visiteurs (1993) inawaleta shujaa wa Enzi za Kati na mtumishi wake katika Ufaransa ya kisasa, na vichekesho vyake vinahusu sana tofauti za matabaka. Tamthilia ya Korea Kusini Rooftop Prince (2012) inamleta mwana wa mfalme wa enzi ya Joseon jijini Seoul. Katika Enchanted (2007) mgeni wa New York anatoka katika ulimwengu wa hadithi badala ya wakati uliopita, na yeye ni mwanamke.

Katika Time After Time, kama katika Kate & Leopold, mwanamke wa sasa ndiye anayehama mwishoni na kumfuata mwanamume katika zama zake. Katika Enchanted mgeni anabaki New York, anafungua biashara yake mwenyewe, na mpenzi wake halazimiki kuhama.